Kabla Hujalipeleka Jicho Zima kwenye Leza

Mheshimiwa mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama huko mlangoni kama wenye safari: shikamooni kwa wanaostahili, wengine wote hamjambo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Mimi ni mpimaji macho. Nimekaa Mtwara mjini miaka ishirini na ushee nikiwawekea watu vioo mbele ya macho na kuwauliza, hiki au hiki? Kazi hiyo imenifundisha kujua bei ya korosho bila kukanyaga mnadani. Mwaka ambao bei imeanguka, watu wa Newala na Tandahimba wananijia na miwani iliyofungwa uzi, wanataka nikaze skrubu tu. Mwaka ambao bei imesimama, simu inaanza kuita mwezi wa kumi na moja, malipo yakishaingia benki: "Daktari, nasikia kuna leza. Unalala kitandani dakika chache, ukiinuka miwani unatupa. Ni bei gani?" Mimi si daktari, na nimelisema hilo mpaka nimechoka, ila jina limeshaganda.

Mwenyekiti ameniomba nilijibu swali hilo hapa Newala, mbele ya wote. Nitalijibu, lakini bei mtaniwia radhi, nitaiacha, kwa sababu ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Kwanza tutenganishe mambo. Bibi aliyenishika mkono pale nje akaniambia ameleta jicho lake lipigwe leza ana mtoto wa jicho. Huyo leza ya kuvua miwani haimhusu; yeye anahitaji kutolewa ile lenzi iliyopata ukungu na kuwekewa nyingine. Mwenye presha ya macho naye hamo. Mwenye trakoma, ambaye kope zimeingia ndani zinamchoma, hamo. Halafu kuna leza nyingine mbili tatu zinazochanganya watu: ipo inayosafisha utando unaoota nyuma ya lenzi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, na ipo inayotibu mishipa ya nyuma ya jicho kwa wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo jirani akikuambia "mimi nilipigwa leza, sikusikia kitu", muulize ilikuwa leza ipi.

Ninayoizungumzia leo ni ile ya mtu ambaye jicho lake ni zima. Haoni mbali, au haoni karibu, au anaona mistari imepinda, lakini ukimwekea kioo chenye namba yake anasoma ubao wangu mpaka mstari wa chini. Hebu tukae hapo kidogo. Mwenye mtoto wa jicho anapeleka kwenye upasuaji jicho ambalo halioni, hana kikubwa cha kupoteza. Wewe unapeleka jicho linaloona. Miwani yangu nikikukosea namba, unanirudia kesho tunabadilisha kioo, tunacheka. Leza ikikosea, kilichoondoka kimeondoka. Mchonga vinyago yeyote hapa ananielewa: mpingo uliokwisha kuupiga patasi, ile chipsi iliyoanguka chini huirudishi.

Na kwa kweli leza hii ni patasi. Mwaka 1981, huko Marekani, mtafiti wa kampuni ya IBM mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alibeba mabaki ya bata mzinga wa sikukuu akayapeleka maabara. Akayamulika kwa leza ya mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mwanga ule ukachonga mfereji safi kabisa, bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakatoa maandiko yao kuhusu kutumia mwanga huohuo kwenye konea, yaani sehemu ya mbele kabisa ya jicho, na mwaka 1995 serikali ya Marekani ikaruhusu mashine ya kwanza ya aina hiyo kwa ajili ya kurekebisha kutoona mbali. Kwa hiyo si uchawi, na si kitu cha juzi. Mamilioni ya watu duniani wamefanyiwa na wengi wanafurahia. Sikuja hapa kuwatisha.

Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, mfano wa kioo cha saa. Ndicho kinachochongwa. Kwa watu wengi unene wake pale katikati ni karibu milimita 0.54. Chukua kadi ya benki mfukoni mwako, ile ya kutolea fedha za korosho. Kadi hiyo ina milimita 0.76. Konea yako ni nyembamba kuliko kadi hiyo, na ndani ya wembamba huo ndimo daktari anatakiwa kufanya hesabu zake.

Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la tano anaiweza, na nataka muijue kwa sababu ndiyo inayoamua, kuliko tangazo lolote. Tunapima kwa maikroni. Maikroni 1,000 ni milimita 1. Konea yako ina 540. Katika njia iliyozoeleka, daktari anakata ganda jembamba juu, la maikroni kama 110, analifunua kama ukurasa wa daftari, leza inachonga chini yake, kisha analirudisha. Kila namba moja ya miwani inakula maikroni 12 mpaka 15 hivi. Una namba 6 ya kutoona mbali? Toa 90. Toa na lile ganda 110, kwa kuwa likishakatwa haliibebi konea kama zamani. Unabaki na 340. Madaktari wanataka chini kubaki angalau 250, na wengi siku hizi hawataki kushuka chini ya 300. Umepita.

Sasa mchukue mwenzako mwenye konea ya 490 na namba 9. Toa 135, toa 110. Imebaki 245. Huyo hata aje na fedha za magunia ya shamba zima, mwenye akili atamwambia hapana. Konea iliyobaki nyembamba mno inaweza kuanza kutuna mbele taratibu, mwaka hata mwaka, mpaka miwani yenyewe ishindwe kuisaidia.

Na unene peke yake hautoshi. Kuna konea zenye umbo bovu tangu mwanzo, zinachongoka chini kama pia ya kuchezea watoto. Ugonjwa huo unaitwa keratokonasi, huanza ujanani, na mwanzoni huujui. Unaona tu namba ya miwani inabadilika kila ukipima. Leza kwenye konea hiyo ni kuikatia nguzo nyumba iliyokwisha kuinama. Unagunduliwa kwa mashine inayochora ramani ya konea, mbele na nyuma, kwa rangi rangi. Na moja ya mambo yanayohusishwa sana na ugonjwa huu ni kufikicha macho.

Naona mnatazamana. Ndiyo, salfa, ule unga wa dawa. Kuanzia Mei, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukianza kusumbua mikorosho na mashine za kupulizia zikianza kuunguruma, nani hapa hafikichi macho? Unga ule unaingia, macho yanawaka, unafikicha kwa nyuma ya mkono uliojaa unga huohuo. Wapo pia watoto wenye mzio, macho yao mekundu yanawasha mwaka mzima, wanafikicha mpaka usingizini. Sisemi salfa inaleta keratokonasi. Nasema mtu aliyekua akifikicha macho miaka kumi na tano asikubali kabisa kuchongwa kabla ya kuchorwa ile ramani.

Nasema hivyo kwa uchungu wa mwenye nyumba. Mnaniona nimevaa miwani. Namba yangu ni 5 na nusu, na nilikuwa mtoto wa kufikicha macho. Miaka ya nyuma nilikwenda Dar es Salaam kutaka leza. Kliniki ya kwanza walinikalisha kwenye mashine ya namba, dakika kumi, kisha dada mmoja mwenye tabasamu akaniuliza nitalipa taslimu au kwa simu, na Alhamisi inanifaa? Ramani sikuchorwa. Unene sikupimwa. Mimi, mpimaji wa macho, nilijua kabisa kuna kitu kimerukwa, lakini hamu ya kuvua miwani ilikuwa imenipofusha kuliko hiyo namba 5. Nikalipa fedha ya kutangulia. Jioni rafiki yangu wa kazini akanigombeza kwenye simu, kesho yake akanipeleka kwingine. Huko nikachorwa. Daktari akageuza kompyuta, akanionyesha doa jekundu chini ya picha ya jicho la kushoto: konea imechongoka. Akasema, "Kaka, wewe hapana. Na ukienda kwa mwingine akakuambia ndiyo, mkimbie." Fedha yangu ya kule kwa kwanza sikurudishiwa. Niliinunulia akili.

Basi siku muhimu kuliko zote ni ile ya vipimo. Daktari anayekukataa siku hiyo amefanya kazi yake, mlipe kwa furaha. Na kama unavaa zile lenzi za kubandika machoni, uziache kabla ya kwenda kupimwa: laini wiki moja au mbili, ngumu angalau wiki tatu au nne, kwa sababu zinaigandamiza konea na ramani inatoka ya uongo. Wapo wanaozivaa mpaka mlangoni mwa kliniki.

Yapo mambo mengine nitayapita haraka. Chini ya miaka 18 usijisumbue, na hata ukiwa na 19 madaktari wengi watakuambia subiri, jicho bado linakua. Namba yako iwe imetulia mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana nawaambia msitupe vyeti vya vipimo vya zamani, hivyo ndivyo ushahidi. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri, namba huchezacheza wakati huo. Kisukari kisichotulia, baridi yabisi ile ya mwili mzima, lupasi, kinga ya mwili iliyoshuka, au kuwahi kupata malengelenge ndani ya jicho: yote hayo yataje kwa daktari hata kama hakuuliza, pamoja na dawa unazomeza. Usione aibu. Kidonda cha konea kinachogoma kupona hakina aibu na mtu.

Sasa nigeukie walimu, maana hapa ndipo watu wengi hujuta, na wanajuta jambo ambalo wangeambiwa mapema wasingelifanya.

Mwalimu ana miaka 46. Namba yake ni 2 na nusu ya kutoona mbali. Darasani anavaa miwani awaone wanaosinzia nyuma. Akirudi nyumbani jioni na rundo la madaftari, anavua miwani, anasahihisha kwa macho matupu, raha mustarehe. Anajiona ana macho ya ajabu. Ajabu haipo, jicho lenye namba 2 na nusu linaona vizuri kabisa umbali wa sentimita 40, ambao ndio umbali wa daftari. Ubovu wake wa mbali ndio unaomsaidia karibu.

Mwalimu huyo akienda kwenye leza, ikafanikiwa asilimia mia, kesho yake anaona mnazi ulioko ng'ambo ya bonde, na daftari halioni. Leza imechonga konea, haikugusa lenzi iliyo ndani, na lenzi hiyo baada ya miaka 40 na kitu inakakamaa kwa kila binadamu, haiwezi tena kuvuta karibu. Atanunua miwani ya kusomea. Amelipa fedha nyingi kubadilisha miwani ya darasani kwa miwani ya mezani. Fundi cherehani hivyohivyo. Mchonga vinyago hivyohivyo, yule anayevua miwani ili auone vizuri ukingo wa sikio la sanamu. Njia ipo ya kuchonga jicho moja lione mbali na jingine liachwe lione karibu, na wapo wanaoizoea. Mimi husema: nijaribu kwanza kukufanyia hivyo kwa miwani au lenzi za kubandika, uishi nayo wiki mbili, ukizunguzwa tuache.

Kijana wa miaka 25 yeye leza itampa miaka mingi bila miwani, ni kweli. Ila ajue akifika 45 ya kusomea inamsubiri kama inavyowasubiri wenzake wote.

Bodaboda na madereva, njooni karibu. Usiku. Miezi ya mwanzo baada ya leza watu wengi huona taa zimezungukwa na duara la mwanga, au zinatawanyika kama miba. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwafuatilia wagonjwa kwa makini. Waliridhika zaidi ya asilimia 95. Lakini katika kundi moja, kati ya wale ambao kabla ya leza hawakuwa na tatizo lolote la aina hiyo, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau moja miezi mitatu baadaye. Walioshindwa shughuli zao vibaya kwa sababu hiyo hawakufika asilimia 1. Zisomeni namba hizo zote kwa pamoja, msichukue moja mkaacha nyingine. Kwa mtu wa dukani, duara la taa ni kero ndogo. Kwa wewe unayeshuka mteremko wa kwenda Masasi saa tatu usiku, lori la korosho linapanda na taa kubwa usoni, ni jambo la kujipangia: miezi mitatu ya mwanzo usiku usiendeshe, na fedha ya miezi hiyo iwepo.

Na lile ganda lililofunuliwa na kurudishwa, haliungi tena kama lilivyokuwa. Tawi likikupiga jichoni, ngumi, hata kidole cha mtoto, linaweza kusogea. Ndiyo maana mcheza ngumi, askari, na mtu wa kazi za vipande vya miti aulize njia isiyo na ganda, inayokwangua ngozi ya juu tu ya konea. Hiyo inauma siku tatu nne kisawasawa, na kuona vizuri kunachukua wiki kadhaa. Ipo nyingine ya kisasa inayotoa kipande kidogo cha ndani kupitia tundu dogo. Kila njia ina watu wake. Mwache daktari akueleze kwa nini amekuchagulia hiyo, na kama sababu yake ni kwamba ndiyo mashine aliyonayo, ujue.

Ukavu wa macho nao. Kukata konea ni kukata vijishipa vya fahamu vinavyoliambia jicho lijilainishe. Macho yanakauka, yanakwaruza kama yana mchanga, wengi kwa miezi, wachache kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtu wa ofisi yenye kiyoyozi ni matone ya kulainisha tu. Kwa mkulima wa hapa Makonde juu, upepo huu na vumbi hili jekundu, kisha salfa? Mimi ningekuwa na jicho linalokubalika, ningekwenda Desemba au Januari, fedha ya mnada ikiwa bado ina joto, nipate miezi minne mitano kabla ya mashine za kupulizia hazijawashwa. Na msimu huo mmoja ningemlipa mtu anipulizie. Kuoga baharini Msimbati, wiki za mwanzo sahau. Kufikicha, ndiyo kabisa. Usiku unalala na ngao ya plastiki machoni kwa sababu mkono wa usingizini haujui masharti.

Halafu safari. Watu wa kwetu tunahesabu bei ya leza, hatuhesabu marudio. Unatakiwa kuonekana kesho yake, kisha baada ya wiki, mwezi, miezi mitatu. Kliniki iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Maambukizi baada ya leza ni nadra, lakini yakija hayangoji basi la asubuhi. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar pale Somanga? Fikiria uko huku, siku ya nne, jicho jekundu linauma, na mabasi yamekwama ng'ambo. Kaa Dar angalau wiki nzima kwa ndugu yako. Na kabla hujaondoka, uwe na jina la mtu wa huku atakayekutazama, kule hospitali ya Ligula au ile ya kanda, awe na karatasi zako.

Karatasi hizo nizitilie mkazo, kisha nishuke. Omba nakala ya vipimo vya kabla: namba yako, unene, ramani. Iweke pamoja na hati ya shamba. Ukiwa na miaka 65 utapata mtoto wa jicho kama wazee wengi, na daktari atakayechagua lenzi ya kukuwekea atapiga hesabu kwa umbo la konea. Konea iliyochongwa inamdanganya, asipojua historia utatoka na namba isiyo yako. Vilevile konea nyembamba inafanya kipimo cha presha ya macho kisome chini kuliko hali halisi, na presha ya macho ni mwizi wa kimyakimya, hasa kwetu sisi Waafrika. Kila atakayekupima, mwambie: nilichongwa. Na wewe uliyekuwa na namba kubwa, 7, 8, nyuma ya jicho lako bado ni la mtu asiyeona mbali. Pazia la ndani linaweza kubanduka hata kama huvai miwani tena. Ukiona vimulimuli, au kivuli kama pazia linashuka, ni siku hiyohiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekuja na ubao wa herufi na boksi la vioo, nimeutundika pale kwenye mkorosho nyuma ya ukumbi, hatua zimeshapimwa. Namba nitapima bure. Ramani ya konea sina mashine yake, msiniombe. Aliyevaa lenzi za kubandika leo simpimi, azivue aje kunitafuta Mtwara wiki mbili zijazo. Tuanze na wazee, na yule bibi wa mtoto wa jicho awe wa kwanza. Nimeshaiandika barua yake ya rufaa, imebaki jina.